Kuongea tu kunatibuje? Na mtaalamu anayekufaa unampataje?

kimya_kingi:
Wakuu habari zenu. Naombeni mnieleweshe hiki kitu maana naona kama napoteza muda.

Miezi 14 sasa tangu mzee wangu atangulie mbele ya haki, na usingizi ni kama aliondoka nao, saa nane usiku nipo macho nahesabu mabati, mchana kazini nafoka hovyo, mwezi uliopita nikamfokea mwanangu kisa kamwaga maji, akakimbilia chini ya meza, hapo ndo nikaona hapana. Hospitali wamepima moyo, damu, tezi, vyote safi, daktari akanielekeza kwa mwanasaikolojia.

Nimeenda mara mbili. Yule dada anauliza, mimi naongea, nikinyamaza na yeye ananyamaza. Nikimuuliza sasa nifanye nini ananirudishia "wewe unaonaje?" Ningekuwa naona si ningebaki nyumbani?? Dakika 50 zikiisha, haya tuonane wiki ijayo. Kuna tofauti gani na kupiga stori na rafiki? Na nitajuaje kama yeye ndo hanifai au mimi ndo mgumu?

fundi_wa_zamani:
Pole sana kaka kwa mzee. Na mimi nilidhani nakwenda kupewa dozi ya maneno nirudi nimepona.

Shida yangu ilikuwa lifti. Siku moja moyo ulinienda mbio mle ndani nikajua ndo nakufa, toka hapo nikawa napanda ngazi hadi ghorofa ya tisa, afu nikaanza kukwepa basi likijaa, afu mikutano, mwisho hata harusi ya mdogo wangu nilikaa mlangoni. Marafiki wote waliniambia jikaze. Huyu mtaalamu alichukua karatasi akanichorea: ukikwepa unapata nafuu hapo hapo, na ile nafuu ndo inayoufundisha ubongo kwamba kweli kulikuwa na hatari, kwa hiyo kesho hofu inarudi imenenepa. Tukaanza polepole, wiki ya kwanza kusimama tu mbele ya lifti, kabla sijaingia naandika nategemea nini kitatokea, nikitoka naandika kilichotokea. Daftari zima ni "nitazimia", "sikuzimia", "nitazimia", "sikuzimia" 😂 Sesheni kama 15 tukaagana. Inaitwa tiba ya fikra na tabia, mizizi yake ni kazi ya daktari Aaron Beck wa Marekani miaka ya 1960, na ina homuweki, usipofanya hamna kitu.

Ila huyo alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa anachungulia simu, na sesheni ya tatu akaanza kunihadithia ndoa yake. Nikajiuliza hapa nani anamlipa nani? Sikurudi.

kimya_kingi:
Mkuu wewe ulikuwa na lifti, kitu kinachoonekana. Mimi sina cha kusimama mbele yake.

bi_nasaha:
Mwanangu pole. Hii ndo kazi yangu miaka mingi, ngoja niseme kidogo, vidole vyangu vizito kwenye simu mnivumilie.

Rafiki anakupenda, na hapo hapo ndo penye shida. Anataka upoe haraka kwa sababu machozi yako yanamuumiza, kwa hiyo anakupa ushauri au anakuhadithia ya kwake. Na wewe unamchuja, humwambii yote maana kesho mtakutana. Sisi tumefundishwa kukaa na jambo zito bila kulikimbia, na kusikia kile unachokirukaruka. Ule ukimya mara nyingi ni wa makusudi, mtu akiachiwa nafasi hutoa kile alichokuja nacho kweli. Ila ukimya usioelezwa unaweza kukufanya ujione upo kwenye mahojiano, na hapo kosa ni letu.

Hili jina lenyewe, tiba ya kuongea, halikutoka kwa daktari. Lilitoka kwa mgonjwa wa Josef Breuer kule Vienna miaka ya 1880, mwanamke aliyeandikwa kwa jina la kufichwa, Anna O. Daktari mwenzake Breuer, Sigmund Freud, akaja kuliendeleza. Siku hizi shule, yaani njia za kutibu, ni nyingi, kuna zinazochimba utotoni, kuna hiyo ya fundi yenye daftari, kuna ya mwanasaikolojia Carl Rogers ambaye hakuamini kwamba mtaalamu ndo anajua jibu la maisha yako. Huyo dada wa "wewe unaonaje" nahisi ni wa huko. Siyo mbaya, lakini kama wewe ni mtu wa kutaka ramani, mwambie.

Tena mwambie waziwazi. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin aliandika kwamba uhusiano wa kazi hii umesimama kwenye vitu vitatu: mkubaliane mnatafuta nini, mkubaliane mtakitafutaje, na pawe na kuaminiana. Tafiti nyingi tangu hapo zimeonyesha uhusiano huo unaendana na matokeo kuliko hata jina la njia inayotumika. Kwa hiyo muulize: umesomea nini, umesajiliwa wapi, umewahi kushika watu wenye shida kama yangu, tutajuaje kama inasaidia? Mzuri hakasiriki. Akikasirika umeshapata jibu lako.

Muulize na siri. Unayosema yanabaki pale, isipokuwa mambo machache kama kuna hatari ya wewe kujidhuru au kumdhuru mtu, au mtoto anaumizwa, na hayo anatakiwa akuambie mapema. Na mawazo ya kujiua yakija usisubiri siku ya sesheni, ita msaada wa dharura au nenda hospitali siku hiyo hiyo.

mchokozi_3:
Mimi nitapingana kidogo. Msiba siyo ugonjwa, watu wengi wanalia wanamaliza wenyewe bila kumlipa mtu. Siku hizi kila kitu therapi therapi.

bi_nasaha:
Hujakosea sana, wengi kweli hawahitaji sisi. Ila kuna majonzi yanayokwama. Shirika la Afya Duniani limeyaweka kwenye orodha yake ya magonjwa, yakizidi miezi 6 huku yanamvurugia mtu maisha, na mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2022 unasema mwaka mzima kwa mtu mzima. Simpimi mtu hapa, lakini miezi 14 bila usingizi na mtoto chini ya meza, hapo sisemi subiri.

fundi_wa_zamani:
Kimya, swali moja. Ulipofika ulimwambia umekuja kwa ajili ya nini hasa? Mimi wa kwanza nilimwambia "presha ya kazi". Lifti sikuitaja kabisa, naona aibu mtu mzima naogopa lifti.

kimya_kingi:
Swali lako nimekaa nalo toka asubuhi.

Nilimwambia usingizi. Kwenye fomu niliandika usingizi. Akaniuliza mwaka huu kuna kitu kimebadilika, nikasema kazi zimeongezeka. Sesheni mbili zote sijataja mzee hata mara moja, na wala sikuwa nimepanga kuficha, mpaka nimeyaandika huku kwenu ndo nimeona.

Jumatano nakwenda. Nimeandika kwenye karatasi mstari mmoja nimpe asome yeye, maana kwa mdomo najua nitasema usingizi tena.