Wakuu, kitabu cha katuni za mchoraji wetu wa Tanga: tukibane kwa pini au kwa gundi?

Kijana wa Makorora
Habari za jioni wanajamvi. Naomba ushauri, na naomba tusitaniane sana, maana jambo hili limeninyima usingizi wiki nzima.

Hapa Tanga tuna mchora katuni ambaye wengi wenu hamumjui kwa sababu hakuwahi kuchora gazetini. Kati ya 2006 na 2011 alitoa vijitabu 14. Hadithi zake, mkono wake, fotokopi kwa pesa yake, kisha anavikunja mezani kwake na kuviuza Sh 500 kimoja pale stendi ya zamani, kabla mabasi hayajahamia Kange. Alivitembeza kwenye kapu la baiskeli. Hakuwa na mhariri wa kumwambia chora hiki, kile acha. Humo hamna shujaa anayeruka maghorofa, hamna mwanasiasa mwenye kitambi. Kuna fundi baiskeli anayetengeneza baiskeli za Ngamiani nzima, na mwenyewe anakwenda kwa miguu. Basi.

Namba 4 ina ukurasa wa visanduku sita bila neno hata moja. Mvua inanyesha, fundi amekaa ndani, bati linavuja, na kila kisanduku ndoo inazidi kujaa. Cha sita anaimwaga na kuirudisha palepale. Nilikuwa na miaka 15 nilipousoma. Mwezi ule baba alikuwa ameachishwa kazi, na nyumbani hakuna aliyekuwa anasema kitu. Nikaona kuna mtu ametuchora sisi.

Sasa tuko mashabiki 46 kwenye grupu. Tumechanga Sh 10,000 kila mmoja tuchape vijitabu vyote 14 katika kitabu kimoja, tumkabidhi kama heshima yake. Kila kijitabu kurasa 16, jumla 224, ukubwa wa A5. Swali langu: pini au gundi? Na karatasi iwe gramu 70 au 80?

Fundi Karatasi
Mkuu, kurasa 224 za A5 ni karatasi 56 za A4 zilizokunjwa. Usithubutu kuzipiga pini katikati. Kitabu kitabenuka, kurasa za ndani zitachungulia nje, na ukizikata zilingane unakata na michoro. Weka gundi, au shona mafungu mafungu ndipo upake gundi mgongoni. Karatasi gramu 80, kwa sababu kwenye 70 wino mzito unaonekana upande wa pili.

Ila la muhimu zaidi: mmeskani vipi? Katuni ya wino inaskaniwa kwa doti 600 kwa inchi, nyeusi na nyeupe tupu. Ukiskani kama picha ya harusi, mistari myembamba inakuwa ya kijivu na mashine inaivunja kuwa vitone. Na kama mmeskani fotokopi ya fotokopi, tuombeane.

Babu wa Chumbageni
Umenipeleka mbali mwanangu. Marehemu baba alikuwa ananunua gazeti la Uhuru, na kabla ya habari yoyote anaitafuta kwanza katuni ya Chakubanga ya Christian Gregory. Sisi watoto tunasubiri amalize. Baadaye nikawa mtu wa Sani, lile gazeti la katuni, na watu wake: Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe. Nakala moja ilikuwa inasomwa na nyumba nne, ikirudi haina jalada. Shuleni nilichapwa viboko vinne kwa ajili ya Lodi Lofa niliyemficha ndani ya kitabu cha hesabu. Mwalimu akamchukua. Jioni nikamkuta mwalimu yuleyule chini ya mwembe, anasoma na kucheka peke yake.

Katuni za magazetini, Kingo wa Gayo, Kipanya wa Masoud, wote nimewafuata. Huyo wa kwenu hakunifikia. Yuko hai?

Mkweli Daima
Laki nne na sitini mnataka kuchapa makaratasi! Msanii akiwa mzima anapewa makofi, akiugua anapitishiwa kofia. Mpelekeeni mchele, mafuta ya kula na pesa ya bima. Kitabu hakiingii jikoni.

Binti Raskazone
Naomba kuuliza kitu kimoja tu. Mwenyewe anasemaje?

Kijana wa Makorora
Babu, shikamoo. Yuko hai, hajafika hata sitini, ana kibanda cha kuziba pancha. Mkweli, tumepanga kumpa nakala 50 auze, pesa yote yake. Fundi, nashukuru sana, nimeandika yote. Binti, ni sapraizi.

Mchoraji wa Bagamoyo
Nimesoma sanaa za ufundi pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha huku Bagamoyo, na uzi huu umenigusa. Watu wanadhani katuni ni ya gazetini tu, ya kumcheka mkubwa wa siku hiyo. Kuna ukoo mwingine kabisa. Mwaka 1968 kule San Francisco, Robert Crumb alichora gazeti lake la katuni, na yeye na mkewe wakalitembeza mtaani likiwa kwenye kigari cha kusukumia mtoto. Kapu la baiskeli na kigari cha mtoto, mnaona undugu? Na kule Cleveland kulikuwa na Harvey Pekar, karani wa mafaili katika hospitali ya maveterani, yaani wanajeshi wastaafu. Kuchora hakujua. Aliandika maisha yake, foleni dukani, maneno ya wafanyakazi wenzake, wengine wakamchorea, na kuanzia 1976 akawa anachapisha kwa pesa yake. Aliendelea na kazi ya ukarani mpaka akastaafu.

Mimi mwenyewe nilitoa kijitabu kimoja kuhusu wavuvi wa huku. Nakala 60. Niliuza 11, nyingine mama alianzia moto wa mkaa. Huyo wa kwenu alifika 14! Mnajua hiyo ni kazi gani?

Binti Raskazone
Kaka, sikuuliza kama ni sapraizi. Umeshawahi kumgusia habari ya kuchapa upya? Ndiyo au hapana.

Kijana wa Makorora
Ndiyo.

Binti Raskazone
Akasema?

Kijana wa Makorora
Sawa, nitasema yote.

Nilimfuata 2022. Alinikaribisha vizuri, akanipa benchi, akaendelea kuitafuta tundu ya mpira kwenye beseni la maji. Nikamweleza. Akasema, "Acha vilale." Nikambembeleza. Akasema kama ni lazima, basi siyo namba 9.

Namba 9 ni hadithi ya majirani wawili wanaogombea ukuta wa uani. Inchi nne za ukuta! Mmoja wao ni mzee mwenye kofia ya kiua yenye kiraka upande mmoja. Mtaa mzima ulimjua ni nani. Huyo mzee alikuwa na duka la fotokopi, na ndiye aliyekuwa akimtolea mchoraji wetu nakala kwa bei ya chini, mara nyingine kwa mkopo. Baada ya namba 9 hakumtolea tena, wala hakumwitikia salamu. Namba 10 hadi 14 zilitolewa kwa bei kamili kwingine. Yule mzee alifariki 2019 bila kupatana naye.

Lakini wakuu, namba 9 ndiyo bora kuliko zote. Yule mzee hakuchorwa mbaya. Kuna kisanduku amekaa usiku peke yake, ameegemeza kiganja kwenye ule ukuta kama mtu anayepima homa ya mtoto. Aliyekichora alimpenda yule mzee. Kitabu bila namba 9 ni mdomo usio na jino la mbele. Tena mwenye kofia ameshatangulia, nani ataumia? Na kiwanda cha uchapaji nimeshakilipa Sh 300,000. Ndiyo maana nikauliza pini au gundi.

Mkweli Daima
Kumbe ulikuja hapa kutafuta baraka, siyo ushauri.

Wakili wa Mtaani
Swali la pini tuliweke pembeni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999. Haki ni ya mchoraji tangu alipoweka wino kwenye karatasi, hata kama hakusajili popote. Anakuwa nayo uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa. Mashabiki 46 mnaompenda hamna haki ya kutoa nakala kwa sababu mnampenda. Kumpa mapato yote hakuondoi hilo. Aliyesema "siyo namba 9" ameshasema.

Wa Kusini wa Mkwakwani
Mapenzi ya Tanga hayo. Watu wanaenda kukupenda mpaka uani kwako na umewafungia mlango.

Kijana wa Makorora
Wakili, nakuheshimu, lakini watu wangesubiri ruhusa kwa kila kitu tungekuwa na kumbukumbu gani? Nakala zinaliwa na mchwa. Ya namba 2 nimeipata kwa kinyozi, nusu ya jalada imefutiwa wembe. Nisipochapa mimi, baada ya miaka kumi hakuna kitu.

Mzee wa Ukweli Mchungu
Wadau, hii ni chai. Tena ya maziwa.

Nimezaliwa Ngamiani, nimeuza magazeti stendi ya zamani miaka hiyohiyo anayoitaja, sikumwona mtu mwenye kapu la katuni. Mchoraji hana jina. Vijitabu havina jina. Mzee wa kofia ameshafariki, kwa hiyo hawezi kuulizwa. Halafu ndoo inayojaa, baba aliyeachishwa kazi, kiganja ukutani. Huyu anaandika riwaya. Ngojeni kesho namba ya kuchangia itawekwa. Weka picha ya ukurasa mmoja tufunge mjadala.

Fundi Karatasi
Mh. Hata mimi nilishangaa, mtu ameshalipa kiwandani halafu anatuuliza pini au gundi. Kiwanda kingemwambia.

Babu wa Chumbageni
Mimi nimeamini. Ila picha weka mwanangu, nione hiyo ndoo.

Kijana wa Makorora
Sijaomba mtu senti. Jina silitaji kwa sababu sijamwuliza kama anataka litajwe humu, na hilo angalau niacheni niliheshimu. Picha ninayo kwenye simu, ni kubonyeza tu. Niweke?

Binti Raskazone
Usiweke! Wanakutaka ufanye kilekile tunachokukataza.

Mzee wa Ukweli Mchungu
Mwanya wa kutorokea huo.

Mama Mdogo wa Pongwe
Nimekuwa nasoma tu, siandikagi humu. Mimi ninayo namba 9. Nilinunua kwa mkono wake, nilikuwa nangoja basi la Muheza na mwanangu analia, nikampa aangalie picha. Nimeenda kuitoa kwenye sanduku la vyeti sasa hivi.

Haina pini. Imeshonwa kwa uzi wa katani, mafundo matatu mgongoni. Namkumbuka alivyoniambia, pini zinaota kutu kwa hewa ya bahari, zinachafua ukurasa wa katikati, basi kaamua kushona. Na huyo mzee wa ukuta yumo, lakini kofia yake siioni. Kila kisanduku alipo, kichwani pamepakwa wino mweusi kwa brashi. Siyo fotokopi, ni wino wenyewe, unang'aa ukiinamisha karatasi, na nyuma umetokeza. Siku zote nilijua ni kivuli. Hebu mleta uzi, wa kwako una kofia?

Kijana wa Makorora
Wangu una kofia. Una na kiraka.

Wangu ni fotokopi niliyotoa kwa rafiki yangu, ya mwanzo kabisa. Sijawahi kuona ya kushonwa. Mama, umesema kila kisanduku?

Mama Mdogo wa Pongwe
Nimehesabu. Visanduku 31. Na hicho cha usiku cha kiganja, hapo hakupaka kichwani peke yake. Amepaka na ukuta. Kimebaki kiganja tu.

Mchoraji wa Bagamoyo
Subhanallah. Alirudi akazipaka zote zilizokuwa hazijauzwa, moja moja kwa mkono. Kijana, mlichoskani nyinyi ndicho alichokuwa anakifuta.

Mzee wa Ukweli Mchungu
Mama, wewe na mleta uzi mnafahamiana?

Mama Mdogo wa Pongwe
Simjui. Mimi nina miaka 52, nauza vitumbua Pongwe, njoo nikuoneshe hiki kitabu, kukigusa hapana.

Mzee wa Ukweli Mchungu
Basi naondoa neno langu kuhusu chai. Zamu yangu stendi ilikuwa asubuhi. Inawezekana yeye alikuwa mtu wa jioni.

Kijana wa Makorora
Mrejesho. Nimepiga simu kiwandani, nimewaambia wasimamishe. Pleti za kuchapia namba 1 hadi 6 zimeshatengenezwa, pesa hiyo hairudi, na grupu wameanza kunisema. Bado naamini kitabu hiki kinapaswa kuwepo, sitadanganya. Lakini namba 9 nimeitoa kwenye faili usiku huu.

Kesho baada ya alasiri naenda kibandani kwake. Sijui naanzaje. Niende na zile skani au niende mikono mitupu?

Binti Raskazone
Mikono mitupu kaka. Peleka baiskeli ina pancha, ukae kwenye benchi.

Babu wa Chumbageni
Na umsalimie. Mwambie kuna mzee Chumbageni anaitaka ile ya ndoo, akiridhia.

Fundi Karatasi
Akikubali hizo nyingine, mwulizeni alikuwa anatoboa matundu mangapi. Mkishona kwa katani acheni sentimita moja na nusu upande wa mgongo, ule uzi ni mnene, utakula michoro.