Treni ya Ubungo "haina abiria"? Nani aliwahesabu, na saa ngapi?

Wakuu, nimevumilia sana huu mjadala lakini leo nimechoka. Kila tukisema njia ya treni ya hapa Dar, Stesheni hadi Ubungo Maziwa, iboreshwe, anatokea mtu, mara nyingi mwenye gari lake na kiyoyozi, anatuambia ile njia imekufa, haina watu, hela zipelekwe kwingine. Na wengine wanamuitikia.

Hao watu watatoka wapi? Treni yenyewe tangu Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, aizindue Oktoba 2012 imekuwa ya asubuhi na jioni. Katikati hapo hakuna kitu. Vipo na vipindi ambavyo haionekani kabisa, hujui imeharibika au imefutwa, na hakuna hata karatasi ukutani ya kukuambia. Mangi afungue duka alfajiri na magharibi tu, tena siku anazojisikia, halafu atangaze kwamba mtaa huu hawanunui sukari?

Hoja yao kubwa ni mwendokasi. Kwamba tangu Mei 2016 mtu wa Ubungo anapanda basi lake hadi Gerezani au Kivukoni, treni ya nini tena. Na kwamba mwaka 2021 mabasi ya mikoani yalihamia Mbezi Luis, hivyo hata wale wa mabegi hawapo Ubungo siku hizi. Yote kweli, sibishi. Ila nani kawadanganya kwamba hii reli ni ya watu wa Ubungo? Ubungo ni pale inapoishia tu. Inatoka Stesheni, inapita Kamata, inakata Buguruni kwa Mnyamani, inaingia Tabata ndipo iende huko. Tabata mpaka leo haina mwendokasi. Mnaangalia kituo cha mwisho kuna watu wangapi, mnawahukumu wa katikati.

Njooni Kariakoo saa kumi na mbili jioni muone mtu wa Tabata anavyorudi kwake. Gari linaingia kituoni limeshajaa watu waliogeuza nalo, wamelipa nauli mara mbili ili wapate siti. Wanaobaki wanapita dirishani, begi linatangulia kisha kichwa. Mwenye mtoto mgongoni anasogea pembeni asikanyagwe, analiacha hilo, analiacha na linalofuata. Madenti ndiyo kabisa, konda kaziba mlango kwa mkono mpaka watu wazima waishe. Ukishapanda bado hujaenda popote: Karume foleni, Ilala Boma foleni, Malapa foleni, Buguruni ndiyo usiseme. Muda wote huo reli iko pale pale, haina foleni, haina hata treni. Watu wamepanga nyanya na mitumba juu ya mataruma kwa amani kabisa, maana wanajua hakuna kitakachopita.

Najua Segerea na Kimanga haziko relini, utahitaji bajaji kufika kituoni. Sawa. Bajaji ya dakika chache na treni ya uhakika, nani atakataa? Tatizo ni hilo neno la uhakika. Mtu hawezi kuacha daladala aende kusubiri kitu ambacho huenda hakiji, kesho yake akachelewa kazini akajieleza kwa bosi.

Halafu mkisikia kuboresha, akili zinaruka hadi SGR, ile reli mpya ya umeme. Hakuna aliyeomba umeme wala vioo. Reli ya mita moja aliyoanza kuijenga Mjerumani mwaka 1905 inatosha kwa kazi ya mjini ikitunzwa. Njia ni moja, kwa hiyo tunahitaji sehemu ya kupishania pale Tabata ili treni mbili ziweze kufanya kazi kwa wakati mmoja. Tunahitaji mabehewa yenye injini yake na chumba cha dereva huku na huku, siyo kila ikifika mwisho kichwa kifunguliwe, kizungushwe, kifungwe upande wa pili huku abiria wanaangalia saa. Paa la kujikinga na mvua. Ratiba, na ifuatwe. Vigae na mapambo ya kituo wekeni mkipenda baadaye.

Hoja moja tu ya wapinzani ndiyo naiheshimu: treni nyingi zitafunga barabara kwenye mageti mara kwa mara. Hiyo ni kweli na inahitaji mhandisi akae chini na hesabu zake. Kusubiri mwendokasi wa barabara ya Mandela? Tutasubiri, lakini hapa reli tayari ipo, haidai fidia ya nyumba hata moja.

Na tangu 2024 SGR inaenda Morogoro na Dodoma. Mtu wa Tabata anayeiwahi alfajiri anakodi bodaboda, begi mapajani, kwenda stesheni iliyo jirani kabisa na ile ambayo reli ya kwao inaanzia. Pugu nao walipopelekewa treni 2016 walikuwepo waliocheka. Nendeni mkapande ya jioni, kama mtapata pa kuweka mguu.

Kinachonikera kuliko vyote ni hiki. Sisi tunaokaa kando ya reli tunaijua ile X nyekundu ukutani. Siku ya kuchorewa X, reli ni ya thamani, ni mali ya taifa, hifadhi yake haiguswi, bomoa mwenyewe kabla hujabomolewa. Siku ya kuomba treni, reli hiyo hiyo haina maana, haina abiria. Chagueni moja basi.

Haya, wa kupinga waje. Ila kabla hujaandika, sema kwanza unakaa wapi na jioni unarudi na nini.