Mjadala: Mtoto wa baleti ni lazima apimwe kwa gredi?

Mama wa Watatu, Nairobi
Hamjambo wazazi na walimu. Kitinda mimba wangu ana miaka minane, na Jumamosi yake ni baleti. Wiki iliyopita tumeletewa fomu ya mtihani wa Gredi ya 2 ya Royal Academy of Dance, chama cha London kinachotahini wanafunzi wa baleti. Mtahini anakuja kwa ndege, na ada yake inakaribia ninayolipa muhula mzima. Tangu Januari darasa halichezi kingine: mazoezi yaleyale, muziki uleule, hata tabasamu wanafundishwa liingie wapi. Juzi anavua soksi akaniuliza, "Mama, nikianguka nitarudia darasa?" KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, tumeizika 2023 tukisema watoto wamechoka kupimwa. Sasa nilipe wapimwe hadi Jumamosi? Na tafadhali, asiniambie mtu kwamba itapendeza kwenye CV.

Kijana wa Kisauni
Usilipe, mama. Bibi yangu alicheza chakacha hadi magoti yakagoma, na ukutani kwake sijaona cheti. Enzi za beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, vikundi vya Marini na Arinoti vilishindana barabarani, watu wakitazama na kuhukumu wenyewe. Leo mgeni akae nyuma ya meza, ampe mtoto wetu 68 kwa mia kwa jinsi alivyokunja goti? Huo ni ukoloni wa miguu.

Niliyecheza, sasa Leicester
Kisauni umenichekesha, ila mtoto huyo nilikuwa mimi. Tuliingia mtihanini wanne, namba vifuani, muziki ukaanza, na kwa mara ya kwanza mtu mzima akanitazama kwa makini. (Nyumbani tulikuwa saba.) Nilipata 57. Kupita ni 40, merit (vizuri) 55, distinction (vizuri sana) 75, kwa hiyo merit niliigusa kwa ncha ya kidole. Karatasi ile ilionyesha kwamba muziki nausikia, miguu ndiyo mivivu. Mwalimu wangu hakuwahi kuniambia, labda aliogopa kupoteza ada ya mama.

Mwalimu wa Baa (ile fito ya kushikia, si ya bia)
Shikamooni wakubwa. Nimepeleka watoto mtihanini miaka kumi na sita, kwa hiyo nina maslahi hapa, nisifiche.

Kisauni, hoja yako tamu, lakini hebu tuangalie chama chenyewe. Kilianza London 1920, kwa wito wa Philip Richardson, mhariri wa gazeti la Dancing Times. Alikusanya wachezaji wa malezi mbalimbali: Adeline Genée wa Denmark, Tamara Karsavina wa Urusi, Lucia Cormani wa mtindo wa Kiitaliano, Edouard Espinosa wa Kifaransa, na Phyllis Bedells Mwingereza. Kilichowakera ni kwamba Uingereza ile yeyote aliyekuwa na chumba na kinanda alijiita mwalimu wa baleti, na watoto wakaumizwa. Waliotahiniwa mwanzoni walikuwa walimu. Mitihani ya watoto ilifuata. Tumekuja kugeuza mambo: leo mtoto anatetemeka, mwalimu anakunywa chai nje.

Ngoja niwaambie kitu ambacho walimu hatupendi kukisema. Mwaka mmoja watoto wangu wanne walirudi na karatasi zao, wote wamekatwa alama mahali pamoja, kwenye miruko. Wanne! Mtoto mmoja akikosea ni mtoto. Wanne wakikosea vilevile, ni mimi. Sikulala. Kumbe nilikuwa nawaharakisha kuruka kabla hawajajua kutua, visigino havigusi sakafu. Tangu hapo nazisoma karatasi zile kama barua niliyoandikiwa mimi.

Jambo la pili, wazazi wengi hawaambiwi. Ngazi ni mbili. Gredi ya 1 hadi ya 8 ni ya mtoto yeyote anayependa kucheza, na haidai viatu vya pointi (vile vya kusimamia ncha za vidole) hata kidogo. Ngazi ya taaluma iko kando, inaanza na Intermediate Foundation kuanzia miaka 11, ndipo pointi zinaingia, kwa sababu kifundo cha mguu cha mtoto mdogo hakijakomaa. Sasa mzazi anakimbiza gredi akidhani nane ni mlango wa jukwaa. Shule za taaluma humwita mtoto, humwambia acheze, zikamtazama. Joel Kioko, mchezaji baleti wa Kuwinda hapo Nairobi, alifika English National Ballet School ya London; sidhani kuna aliyemuuliza cheti kabla ya kumwona akiruka.

Kwa hiyo, mama, gredi haina ubaya. Ubaya ni kutumia miezi mitano kwa mazoezi ya mtihani tu. Hapo mtoto anafundishwa karatasi, hafundishwi kucheza.

Mkazi wa Lyon
Huku Ufaransa walichagua upande mwingine. Sheria ya 10 Julai 1989 inamtaka anayefundisha baleti, dansi ya kisasa au jazi kwa malipo awe na diploma ya serikali, na ndani yake kuna anatomia, muziki, historia na ufundishaji wenyewe. Tena watoto wa miaka 4 na 5 hawafundishwi mbinu za baleti kabisa, ni kuzoea mwili tu. Mbinu zinasubiri mtoto atimize miaka minane. Wangu anacheza mwaka wa tatu na hajawahi kuvaa namba kifuani. Uingereza hadi leo hakuna sheria ya namna hiyo, ndiyo maana cheti cha mtoto kinabebeshwa kazi ya kumthibitisha mwalimu.

Kijana wa Kisauni
Hapo sasa! Narudisha nusu ya ukoloni wangu. Mtahini aje, lakini ampime mwalimu.

Mwalimu wa Baa
Mfumo upo karibu na huo, kaka. Kwenye Class Award ya chama hichohicho mwalimu anaingia na watoto, anaendesha darasa mbele ya mtahini. Mtoto hayuko peke yake, na mimi siponi. Walimu wengi hawaisemi kwa wazazi kwa sababu cheti cha gredi ndicho kinachouza shule. Nami niliwahi kunyamaza hivyo hivyo.

Niliyecheza, sasa Leicester
Ila mwalimu, mtoto mwingine anautaka mtihani. Mimi niliutaka. Ulizeni watoto pia.

Mama wa Watatu, Nairobi
Nimesoma yote, asanteni. Nimempigia mwalimu wetu, nikamuuliza kuhusu hiyo Class Award. Akanyamaza kidogo, kisha akasema tangu aanze hakuna mzazi aliyewahi kuiulizia. Binti naye nimemuuliza. Anataka mtihani, mradi rafiki yake aingie naye katika wale wanne. Fomu zinarudi Ijumaa na bado sijaweka sahihi.