Ford v Ferrari: breki kubadilishwa katikati ya mbio, ni kweli au chumvi ya filamu?

Spana_Kumi
Wakuu, salaam. Hii Ford v Ferrari ya 2019 ni moto wa kuotea mbali! Christian Bale akiwa dereva Ken Miles, Matt Damon akiwa Carroll Shelby, bosi wa timu iliyoandaa magari ya Ford, James Mangold akiongoza. Filamu nyingi za magari zinampa fundi sekunde mbili za kufuta mikono kwa tambara, kisha kamera inarudi kwa dereva. Hapa fundi ni mhusika kamili, na adui mkubwa kuliko Ferrari ni joto la breki. Oscar mbili ilizochukua, ya uhariri na ya uhariri wa sauti, ni halali yake kabisa.

Wajuzi nisaidieni. Lile tukio la Le Mans 1966, zile mbio za saa 24 za Ufaransa, Ford wanabadilisha breki pitini (pale gari linapohudumiwa katikati ya mbio) na Waitaliano wanakuja juu: lilikuwepo, au ni chumvi? Na kwa nini breki zife hivyo wakati injini ya lita 7 inahimili? Halafu ule mwisho wa mbio umeniacha na donge. Miles alinyimwaje ushindi?

DiskiNyekundu
Mkuu Spana, kubadilisha breki pitini ni kweli. Phil Remington, fundi mkuu wa Shelby, ndiye aliyebuni mfumo wa kutoa diski na pedi haraka na kufunga nyingine. Filamu imeongeza kelele, ila kitu chenyewe kilikuwepo.

Sasa kwa nini zilikuwa zinakufa. Le Mans ya wakati ule ilikuwa na barabara iliyonyooka ya Mulsanne, karibu kilomita 6 bila zile kona za kupunguza mwendo zilizopo katikati yake siku hizi. GT40 Mk II, gari lenyewe la Ford, ilifika mwisho wake ikiwa juu ya kilomita 320 kwa saa, halafu kuna kona kali ya kulia inayokulazimisha ushuke hadi mwendo wa gari la mjini. Piga hesabu. Chukua gari la kilo 1,300 pamoja na dereva na mafuta: nishati inayotakiwa kuondolewa ni karibu megajuli 5. Hiyo inatosha kuchemsha lita 15 za maji kuanzia nyuzi 20. Upepo unabeba sehemu yake, lakini mzigo mkubwa unaingia kwenye diski nne kwa sekunde chache. Gari lililoshinda lilizunguka mara 360, wastani wa dakika 4 kila mzunguko. Diski haipumziki.

Na kinachoiua si joto peke yake. Kwenye zile kilomita 6 dereva hagusi breki kabisa, upepo unaipoza diski, kisha ghafla inapashwa tena hadi iwake. Chuma kinachoanza kung'aa chekundu gizani kimeshapita nyuzi 500. Kupanuka na kusinyaa namna hiyo kunaleta nyufa ndogo usoni, nyufa zinaungana, diski inapasuka. Ndiyo maana kubadilisha pedi tu kusingetosha.

Ukiirudia filamu, tofautisha aina mbili za breki kufeli. Pedeli ikiwa ngumu lakini gari halisimami, pedi zimezidiwa na joto na zimepoteza msuguano. Pedeli ikizama hadi chini, mafuta ya breki yamechemka: yametoa mvuke, na mvuke unabanwa, kwa hiyo nguvu ya mguu inaishia humo humo ndani ya mirija. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa kuhimili angalau nyuzi 205, yakishanyonya unyevu kiwango kinashuka hadi 140. Kupiga pedeli haraka haraka kunaweza kukurudishia breki kidogo kwenye hali ya pili. Kwenye ya kwanza hakusaidii, inabidi upunguze mwendo zipoe.

Injini ilihimili kwa sababu iliteswa kabla. Ford waliiweka juu ya mtambo wa maabara uliokuwa ukikanyaga mafuta na kubadili gia wenyewe, ukiiga mzunguko wa Le Mans kona kwa kona, saa nyingi mfululizo. Filamu ingelipa jambo hili hata dakika mbili, ningeipenda zaidi.

Mzunguko360
Naongezea la mwisho wa mbio. Wakubwa wa Ford walitaka picha ya magari yao matatu yakimaliza pamoja. Miles alikuwa mbele, akapunguza ili Bruce McLaren na Chris Amon, waliopokezana gari jingine la Ford, wamfikie. Tatizo ni namna mbio zilivyokuwa zikianza: magari yanapangwa mshazari kando ya piti kwa kasi ya majaribio, madereva wanavuka barabara mbio kuyarukia. Gari namba 2 la McLaren lilipangwa karibu mita 20 nyuma ya namba 1 la Miles. Wakimaliza sambamba kwenye mzunguko uleule, aliyeanzia nyuma ndiye amesafiri mbali zaidi ndani ya saa 24. Ushindi ukaenda kwake.

Linalouma zaidi: mwaka huo huo Miles alikuwa ameshashinda Daytona na Sebring, mbio ndefu za Marekani, zote akiwa na dereva mwenzake Lloyd Ruby. Filamu imeiruka Sebring, ndiyo maana uzito wa ile mita 20 hauonekani wote. Denny Hulme, aliyeshirikiana naye gari Le Mans, naye haonekani ipasavyo. Na Enzo Ferrari, mwanzilishi wa Ferrari, hakuwepo uwanjani siku ile. Ile heshima ya kuvua kofia ni ya filamu tu. Nzuri, lakini ya filamu.

Ule mlango wa gari la Miles uliokataa kufunga kwenye filamu, hata hivyo, ni wa kweli. Miles aliingia pitini baada ya mzunguko wa kwanza tu.

Spana_Kumi
Asanteni sana wakuu, hiyo ya mshazari imenifungua macho. Swali dogo: pale Mulsanne anapoongeza gia na kumpita Ferrari, inawezekana?

DiskiNyekundu
Hapo hapana. Giaboksi ya Mk II ilikuwa na gia nne tu, na katikati ya Mulsanne dereva ameshafika ya nne kitambo. Kama alikuwa na gia ya akiba, alikuwa anajichelewesha mwenyewe. Hata ile mizunguko 7,000 inayoonyeshwa kwenye saa ya injini ndani ya filamu ni ya kuchangamsha: injini ile ilitoa nguvu yake ya juu karibu mizunguko 6,200 kwa dakika, na kwenye mbio za saa 24 unaitunza, huivutii kikomo.

Lakini uso wa Bale kwenye zile kona si wa kuigiza studio mbele ya pazia la kijani. Sehemu kubwa walitumia magari ambayo dereva mtaalamu anaendesha akiwa kwenye kiti cha nje, mwigizaji yuko ndani na usukani usiounganishwa na matairi. Shingo yake inavutwa na kona halisi. Tazama misuli ya shingo pale anaposhika breki.