Ushauri: sebule ya kwenye majarida ya Ulaya itakubali Kinyerezi au najidanganya?

mama_wawili
Habarini wakuu, naombeni mnisaidie kabla ndoa haijaingia ufa. Tumehamia kwetu ila sebule haina kitu zaidi ya tv na viti vya plastiki, sasa nna milioni 4 ya kuanzia na ugomvi ndo umeanzia hapo. Dada angu alikuwa anaishi Uingereza, aliporudi akaniachia boksi zima la majarida, Elle Decoration na The World of Interiors, nimeyapekua mpaka kurasa zimelegea na nimependa ile staili ya Japandi, mchanganyiko wa Kijapani na Skandinavia, vitu vichache, mbao nyepesi, sofa nyeupe ya bukle (kile kitambaa chenye vinundu vya uzi), ukuta wa limewash (rangi ya chokaa). Mume wangu yeye anataka jipsam la ngazi tatu lenye taa za bluu na zambarau, sofa la L la velveti na tv stendi inayomeza ukuta mzima. Nikimwonesha picha zangu anasema hawa mbona kama hawajamaliza kuhamia. Watoto wawili, wa mwisho ana miaka mitatu. Dirisha kubwa linaangalia magharibi. Kuta zina plasta tu, bado rangi. Nani yuko sahihi?

kipusa_tabata
Shemeji yuko sahihi 😂 mgeni akiingia ajue kaingia kwa watu. Hayo ya vitu vichache mi nilikuwa nayo kabla sijapata ajira.

fundi_keko
Dada mi nashona sofa hapa Keko, picha kama zako naletewa kila wiki kwenye simu. Bukle nyeupe na mtoto wa miaka mitatu na vumbi la huko kwenu, sikufichi, ndani ya miezi utaificha kwa shuka. Chukua shepu ya kwenye picha ila kitambaa weka kitani au pamba nzito rangi ya mchanga, na foronya zote ziwe na zipu zivuliwe zifuliwe. Velveti nayo mwambie shem kwa joto la Januari mtu anaganda nayo mgongoni. Halafu angalia urefu, sofa za Japandi ziko chini sana, zinapendeza kwenye picha ila mama mkwe akija kuinuka ni shughuli ya watu wawili. Mbao nyepesi ni paini, mninga ni mgumu na unadumu ila rangi yake inaenda kwenye wekundu. Na usilipe yote kabla hujaona fremu ikiwa tupu, kitambaa kinaficha mengi.

mchora_ramani
Mnabishana sofa wakati tatizo la hiyo sebule ni dirisha. Picha nyingi za hayo majarida zimepigwa nchi ambazo jua liko chini na kwa miezi kibao wanalitafuta, ndo maana kila kitu cheupe na madirisha hayana pazia. Dar tupo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, mchana jua linapita juu ya bati, jioni linaingia dirisha la magharibi moja kwa moja mpaka kwenye kochi. Kitambaa chochote cha rangi kali kitapauka. Hela ya kwanza nenda nayo kwenye kivuli cha nje, kibaraza au hata mti, ya pili pazia zito lenye lining, sofa baadae.

Jipsam la ngazi tatu linashusha dari, sasa pangaboi mtaliweka wapi? Kuanzia sakafuni mpaka kwenye mapanga isipungue mita 2.1. Kwenye picha za jarida pangaboi halipo maana kwao halihitajiki, ukilitoa wewe utalipia Luku ya AC.

Limewash inawezekana kwasababu hujapaka kitu. Ni chokaa, inataka kuzama kwenye plasta na kukaukia humo, ukishapiga rangi ya silki haishiki tena, inabanduka. Majumba ya kale ya Kilwa na Bagamoyo ni mawe ya matumbawe na chokaa, yamekaa na unyevu wa bahari miaka na miaka. Jaribu ukuta mmoja usiofikiwa na mikono ya watoto.

msomaji_wa_posta
Mi nanunuaga majarida ya mtumba pale Posta kwahiyo hapa naingia bila hodi. Mdada umechanganya mambo, Elle Decoration na The World of Interiors si ndugu. Hilo la pili limeanza 1981 na linapenda nyumba za watu wenye vitu vya ajabu vilivyorundikana, rangi imechubuka, vitabu mpaka kwenye ngazi, wala halina shida na fasheni. Lisome tena utaona linakuruhusu mkeka wa ukili na samadari ya bibi.

Na haya mambo ya trend yana biashara ndani. House Beautiful lipo tangu 1896, Architectural Digest 1920, wote wanaishi kwa matangazo, na anaetangaza makochi hawezi kufurahi ukikaa na kochi lako miaka kumi. Pantone, ile kampuni ya rangi, nao tangu 2000 wanataja rangi ya mwaka, 2023 majenta kali, 2024 pichi, 2025 kahawia ya moka, sasa we paka nyumba kila Januari uone. Kingine, tafuta picha yoyote humo uniambie waya wa tv uko wapi. Kabla ya kupiga kuna mtu kazi yake ni kuondoa waya, rimoti na ndala za watoto.

baba_j
Mpe jamaa ukuta wa tv, afanye taa zake hapo hapo, ila ziwe za njano. Zambarau aende nayo baa.

mama_wawili
@baba_j nimemsomea hiyo kacheka, kakubali taa za njano na jipsam la ngazi moja pembeni tu, katikati pangaboi libaki. @mchora_ramani nimeulizia kibaraza cha nje, fundi anakuja kupima Jumamosi, kumbe hela yote inaweza ishia huko. @fundi_keko sofa ya watu watatu urefu mita 2.4 kwa rangi ya mchanga unafanyaje?

fundi_keko
Njoo PM tuongee bei. Ila mlango wako wa mbele una upana gani na koridoo inakata kona? Juzi kuna mteja tumempitishia sofa dirishani baada ya kung'oa grili.