Kura ya WhatsApp, Telegram, Doodle au Google Forms: ipi inafaa marafiki wanaopanga matembezi?

Mratibu_Ntinda

Ndugu zangu, naomba ushauri. Sisi ni marafiki 14 tuliosoma pamoja, na kila baada ya miezi mitatu hutoka matembezi ya siku moja au mbili. Wengi wetu tunaishi Kampala na Mukono, wawili wako Mbarara, na mmoja anafanya kazi Dubai. Mpaka sasa tumekuwa tukishauriana kwa ujumbe wa kawaida katika kundi letu la WhatsApp, na mara ya mwisho mashauriano hayo yalichukua wiki mbili. Mmoja anataja Jinja, wa pili anataja visiwa vya Ssese, wa tatu anauliza tarehe, wa nne anajibu swali la juzi, na mwishowe wanaoamua ni wawili watatu waliobakiwa na bando usiku ule. Rafiki mmoja ninayemheshimu sana hakuja wala hakutoa sababu, na jambo hilo limenikaa moyoni.

Nimezitazama njia nne: kura ya WhatsApp, kura ya Telegram, Doodle (tovuti ya kutafuta tarehe inayowafaa wote) na Google Forms (fomu ya maswali ya mtandaoni). Waliowahi kuzitumia na kundi la watu wa kawaida, si wafanyakazi wa ofisi moja, naomba wanieleze ipi inafaa na kwa nini.

Binti_wa_Bwaise

Kaka, anza na WhatsApp, kwa sababu watu wako tayari wamo humo. Kura zake zilianza mwishoni mwa mwaka 2022 na huruhusu hadi machaguo 12. Chombo chochote kinachomtaka mtu apakue programu nyingine au afungue kiungo nje ya kundi kitakupunguzia wapigaji kura, hasa wale wanaonunua bando la siku kwa siku. Kutumia Facebook kutangaza matukio sikushauri: tangu ilipozuiwa nchini Uganda Januari 2021, kuifungua kumekuwa kazi ya VPN, yaani programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, na hatuwezi kuwataka watu wote 14 wafanye hivyo kwa ajili ya matembezi.

Mwalimu_Arua

Nakubaliana na Binti wa Bwaise kuhusu urahisi, lakini zipo hatari mbili katika kura ya WhatsApp ambazo ndugu Mratibu anapaswa kuzijua kabla ya kuitumia.

Ya kwanza ni kwamba kila mtu huona matokeo kabla hajapiga kura, na huona pia nani amechagua nini. Wakitangulia wale wanne wanaosikilizwa sana katika kundi, wengine watawafuata. Kura ya Telegram ni tofauti: kwa kawaida huwa ya siri, na hesabu huionyesha baada ya mtu kupiga kura yake.

Ya pili inahusu namna ya kuhesabu, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Tuseme kila mtu anaruhusiwa chaguo moja tu, na kura zinatoka hivi: Jinja 5, Ssese 4, Ziwa Mburo 3, Sipi 2. Jinja imeshinda, lakini watu 9 kati ya 14 hawakuichagua, na huenda baadhi yao ndiko wasikotaka kabisa kwenda. Jean-Charles de Borda, mwanahisabati wa Ufaransa, alilieleza tatizo hili tangu mwaka 1770, kwamba kwa hesabu ya namna hiyo anaweza kushinda yule ambaye wengi wangemweka wa mwisho. Kwa marafiki dawa yake ni nyepesi. Acha ruhusa ya kuchagua majibu zaidi ya moja iwe wazi, kisha badala ya kuuliza "Unataka twende wapi?" uliza "Ni wapi kati ya hapa ungekwenda kwa moyo mweupe?" Utashangaa kuona kwamba bustani ya mimea ya Entebbe, ambayo hakuna aliyeitaja kuwa chaguo lake la kwanza, inakubaliwa na watu 12. Kwa kundi linalotaka kubaki pamoja, mahali panapokubaliwa na 12 pana thamani kuliko mahali panapopendwa mno na 5.

Jinja_Mtoni

Kwa mahali sawa, lakini kwa tarehe sijaona kitu kinachoishinda Doodle. Unaweka siku kadhaa, na kila mtu hujibu kwa kila siku: ndiyo, hapana, au ikibidi. Hilo jibu la tatu lina faida kubwa, kwa maana wapo watu ambao Jumamosi wana duka lakini wanaweza kumwachia ndugu yao endapo siku nyingine haipatikani. Anayejibu hahitaji kufungua akaunti, ingawa toleo la bure lina matangazo. Kwa ndugu yenu wa Dubai, saa hubadilishwa kulingana na mahali alipo.

Na jambo jingine: katika kura ya WhatsApp huwezi kumpigia kura mwenzako asiye na simu janja. Katika Doodle unaweza kumpigia simu, ukamsomea tarehe, ukaandika jina lake na majibu yake.

Mama_wa_Entebbe

Mwanangu Mratibu, nimesoma maneno yako kuhusu rafiki ambaye hakuja wala hakusema sababu, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye swali lako lote. Mnajadili mahali na tarehe, lakini hakuna aliyeuliza kila mmoja ana uwezo wa kutoa kiasi gani. Mtu mzima hawezi kuandika mbele ya wenzake 13 kwamba hana pesa. Ataandika "nitaona", kisha atanyamaza.

Machaguo mnayoyapigia kura hayalingani hata kidogo. Jinja ni kilomita 80 hivi kutoka Kampala, na mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Sipi iko Kapchorwa, zaidi ya kilomita 250. Kivuko cha kwenda Kalangala, katika visiwa vya Ssese, huondoka Nakiwogo mchana na safari huchukua kama saa tatu na nusu, kwa hiyo atakayechagua Ssese amechagua pia kulipia malazi. Mkiyaweka majina haya katika kura moja bila gharama, mnawauliza watu swali lisilokamilika.

Kwa swali la pesa, Google Forms ndiyo inayofaa. Zima sehemu ya kukusanya barua pepe, usiulize jina, weka swali moja tu: kiwango cha juu ambacho mtu anaweza kutoa bila kuumia, kwa viwango vinne au vitano vya kuchagua. Usiweke nafasi ya maelezo, kwa sababu katika kundi dogo mtu hutambulika kwa uandishi wake. Majibu yakishaingia, panga machaguo ya mahali ndani ya kiwango ambacho hata aliye chini kabisa anakimudu.

Mwalimu_Arua

Mama, umeligusa jambo ambalo mimi katika hesabu zangu nililipita. Naongeza moja la kiufundi: ukifunga fomu hiyo ili kila mtu ajibu mara moja tu, itamtaka aingie kwa akaunti ya Google, na wengine watadhani siri yao imefichuka. Afadhali uiache wazi, uwaamini marafiki zako, na uangalie tu kama majibu yamezidi 14.

Fundi_wa_Wandegeya

Kundi letu lilipiga kura ya kwenda Sipi, wakakubali watu 11, wakaja 5, na gari lilikuwa limeshakodiwa. Tangu hapo kura ikipita tunatoa siku tano, na kila mtu hutuma sehemu ya mchango wake kwa mweka hazina kupitia MTN MoMo au Airtel Money. Idadi ya gari na chakula hufuata waliotuma. Kumbukeni kwamba wakati wa kutoa pesa kuna ada ya mtandao pamoja na kodi ya nusu asilimia, kwa hiyo iingizeni katika mchango, isimwangukie mweka hazina peke yake.

Mratibu_Ntinda

Nawashukuru sana, na Mama wa Entebbe kwa namna ya pekee. Nitatuma fomu ya pesa kwanza, leo jioni, na nitaiacha siku tatu. Kisha Doodle kwa tarehe. Mahali patakuja mwisho, kwa kura ya WhatsApp yenye majibu mengi, kila jina likiwa na gharama yake pembeni. Mmoja wetu anatumia simu ya kitochi, na nitampigia mwenyewe. Kura yake ya mahali nitaijumlisha kwa mkono na kuitangaza katika kundi kwa idhini yake.

Jinja_Mtoni

Vizuri. Ila katika Doodle, ukiandika 10:00, chini yake fafanua kwa maneno kuwa ni saa nne asubuhi. Sisi tulikuwa na mwenzetu aliyeisoma kuwa saa kumi, akafika mtoni wakati tunakunja mikeka.