Fomu ya wapiga kura imeingia mlangoni: nijaze au nichane?

Kutoka: Mama Neema, Smethwick

Wapendwa, salaam. Nimehamia huku Smethwick, Uingereza, miezi mitatu iliyopita kwa kazi ya uuguzi. Viza yangu ni ya kazi, pasi ya Tanzania. Jana imeingia barua ya halmashauri inauliza nani wanaishi nyumba hii na uraia wao ni upi, eti kwa ajili ya daftari la wapiga kura. Mwenzangu wa zamu anasema niichane haraka, mgeni akijiandikisha kupiga kura anafungishwa virago. Mwenye nyumba naye hana analojua. Nijaze au nichane? Naomba jibu kabla ya Ijumaa, tarehe ya mwisho imepigiwa mstari mwekundu na mimi nikiona wino mwekundu silali.

---

Kutoka: Elia, Leicester

Dada, usichane. Tanzania iko Jumuiya ya Madola. Raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kwa kibali halali, hata cha kazi au cha masomo, anapiga kura zote: ya diwani, ya meya, na ya mbunge. Hungoji uraia. Kenya, Uganda na Zambia ni hivyohivyo, na Rwanda pia tangu walipojiunga 2009.

Ila hiyo fomu ya nyumba haikuandikishi. Inawaambia tu halmashauri nani yupo. Ukishairudisha, kila mtu anajiandikisha mwenyewe mtandaoni, na uwe na namba yako ya Bima ya Taifa mkononi. Kuipuuza ndiko kwenye hatari, kuna faini inayoweza kufika pauni 1,000. Halafu kuna faida wasiyoitangaza sana: kampuni za mikopo huangalia daftari hilo. Mimi nilinyimwa mkataba wa simu mwaka mzima, nilipojiandikisha nikapewa.

---

Kutoka: Mzee Kombo, Birmingham

Marahaba wote mlionisalimia wiki iliyopita, sikujibu kwa sababu ya goti.

Mambo ya fomu Elia kayamaliza. Lakini Mama Neema, kuambiwa uchane karatasi ya kura, tena Smethwick! Hujui umehamia wapi. Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha chuma hapo miaka kumi na nne, na wazee wa Kipunjabi niliokuwa nao zamu ya usiku walinisimulia jimbo hilo mpaka nikalijua kuliko jimbo letu la nyumbani.

Lilianzishwa 1918, mwaka ambao wanawake wa nchi hii waliruhusiwa kuchagua mbunge kwa mara ya kwanza, tena si wote, wa miaka 30 kwenda juu. Aliyekuja kugombea ni Christabel Pankhurst, kinara wa madai ya kura ya wanawake. Alipata kura 8,614. John Davison wa chama cha Labour, mtu wa chama cha wafanyakazi wa majiko ya chuma, akapata 9,389. Yaani kura 775 ndizo zilizomzuia kuwa mwanamke wa kwanza kukaa bungeni Westminster. Mwanamke pekee aliyechaguliwa mwaka ule alikuwa wa Ireland, naye aligoma kwenda kukikalia kiti chake.

Davison akajiuzulu 1926 kwa maradhi. Labour wakamleta Oswald Mosley, mtoto wa kikabaila, akashinda uchaguzi mdogo wa Desemba kwa tofauti ya kura 6,582. Ndiyo, Mosley huyohuyo aliyeanzisha chama cha mafashisti 1932. Kabla hajavaa shati jeusi la mafashisti alikuwa mbunge wa wafanyakazi wa Smethwick. Wakati mwingine nadhani mji ule una kisirani na wabunge. Mwaka 1945 Alfred Dobbs alitangazwa mshindi tarehe 26 Julai, kesho yake akafa kwa ajali ya gari.

Nafasi yake ilichukuliwa na Patrick Gordon Walker, naye wa Labour, msomi wa Oxford, na hapo ndipo hadithi yenyewe inapoanza. Baada ya vita viwanda vilikosa watu. Wapunjabi na watu wa Karibi wakaingia kwenye joto la majiko, kazi ambazo wenyeji walikuwa wanazikimbia. Nyumba zikawa haba, foleni ya nyumba za halmashauri ikarefuka, na ukitafuta wa kumlaumu, jirani mpya yuko karibu kuliko waziri. Baa nyingi zilikuwa na chumba ambacho mtu mweusi au Mhindi haingii. Mgombea wa chama cha Conservative, Peter Griffiths, mwalimu mkuu na diwani, aliupanda upepo huo. Mji ulizagaa kauli moja ya kampeni yenye tusi la rangi, ikimwambia mpiga kura kwamba akitaka jirani mweusi achague Labour. Sitaiandika hapa, wajukuu wanasoma. Griffiths alisema si yeye aliyeitoa, lakini aligoma kuilaani.

Oktoba 1964 nchi nzima ilielekea Labour, Harold Wilson akaingia madarakani. Smethwick ikaenda kinyume: Griffiths 16,690, Gordon Walker 14,916. Gordon Walker ndiye alikuwa waziri mtarajiwa wa mambo ya nje! Wilson akampa wizara hivyohivyo bila kiti, kisha akasimama bungeni na kusema Griffiths atakaa humo kama mwenye ukoma. Wakamtafutia Gordon Walker jimbo la Leyton, mashariki ya London, ambalo Labour walikuwa wanalipata usingizini. Januari 1965 akalipoteza kwa kura 205. Uwaziri ukaishia hapo.

Sasa sikiliza hili, Mama Neema. Halmashauri ya Smethwick ilipanga kununua nyumba za Marshall Street zinapouzwa, zipangishwe Wazungu tu. Avtar Singh Jouhl na Chama cha Wafanyakazi wa Kihindi wakamwalika Malcolm X, yule mpigania haki za Weusi wa Marekani. Alifika 12 Februari 1965, akatembea mtaa huo huku akizomewa na baadhi ya wakazi, akaingia baa ya Blue Gates. Siku tisa baadaye aliuawa New York. Kibao cha kumbukumbu kipo Marshall Street, nenda ukakione siku ya mapumziko. Na miezi minne tu kabla ya hapo, Oktoba ileile Smethwick ilipopiga kura, Malcolm X alikuwa Dar es Salaam anazungumza na Mwalimu Nyerere.

Mpango wa nyumba ulikwama, Waziri wa Makazi alikataa. Lakini hamjaniuliza swali la msingi: hao Wapunjabi na watu wa Karibi hawakuwa na kura? Walikuwa nayo! Haki ni hiihii aliyoieleza Elia, ya tangu enzi za himaya. Wazee wangu wa zamu ya usiku walikuwa wanakiri kwamba 1964 wengi wao hawakuwa kwenye daftari. Barua ilikuja kwa Kiingereza, mtu akaitupa, au mwenzake wa kazini akamwambia aichane.

---

Kutoka: Wanjiku, London

Mzee, heshima yako. Nimesoma nikiwa ndani ya basi mpaka nikapitiliza kituo.

Lakini usimfanye Gordon Walker malaika. Ni huyohuyo, akiwa waziri wa uhusiano wa Jumuiya ya Madola 1950, aliyemfukuza Seretse Khama, mrithi wa uchifu, nchini kwake Bechuanaland (Botswana ya leo) kwa kosa la kuoa Mzungu, ili kuwaridhisha makaburu wa Afrika Kusini. Mwosha huoshwa. Na hao Labour, miaka minne baada ya kumlilia mtu wao wa Smethwick, wakapitisha sheria ya 1968 kwa siku tatu kuwafungia mlango Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasi za Uingereza mkononi. Waliojifunza kutoka Smethwick si wabaguzi peke yao. Labour nao walijifunza kuogopa.

---

Kutoka: Mzee Kombo, Birmingham

Wanjiku, umenishika pabaya, nakubali. Hilo la Khama nililijua nikaliruka kwa sababu lingeniharibia simulizi. Niongeze tu kwamba huyo Gordon Walker aliongoza upinzani bungeni dhidi ya muswada wa kwanza wa kuzuia wahamiaji mwaka 1961, na Smethwick hawakumsamehe kwa hilo. Pia alikuwa anaishi London, watu walimwona kama mgeni wa Jumapili.

Na sikumaliza. Griffiths hakukaa. Machi 1966 alishindwa kwa kura 3,490 na Andrew Faulds wa Labour, mwigizaji mwenye sauti ya radi, Waingereza walikuwa wanamsikiliza kwenye mchezo wa redio akiwa rubani wa chombo cha anga za juu. Sasa mnadhani huyu alizaliwa wapi? Tanganyika. Isoko, 1923, wazazi wake wamisionari wa Kiskoti. Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza niliweka gazeti chini nikacheka peke yangu. Jimbo lililomchagua mtu kwa kuwakataa wageni lilikuja kuokolewa na mzaliwa wa Ileje.

Faulds alilishika mpaka jimbo lilipofutwa Februari 1974, likaitwa Warley East, akalishika hilo nalo mpaka 1997. Baadaye likawa Warley. Kisha 2024 wakakata mipaka upya, jina la Smethwick likarudi baada ya miaka 50. Mbunge aliyechaguliwa ni Gurinder Singh Josan wa Labour. Singasinga. Wale wazee wangu wengi walikuwa wameshazikwa.

---

Kutoka: Baba Espérance, Glasgow

Jameni, mimi ni Mkongomani wa Bukavu, nina kibali cha kudumu. Kwa hiyo mimi nitazame tu?

---

Kutoka: Elia, Leicester

Kura ya mbunge wa Westminster hapana, Kongo haimo kwenye Jumuiya ya Madola, Burundi vilevile. Kwa hiyo mpaka uraia. Lakini bahati yako uko Scotland: tangu 2020 mgeni mwenye kibali, wa nchi yoyote, anachagua bunge la Scotland na madiwani. Wales nao wana mpango kama huo. Ungekuwa kwangu Leicester usingepata hata diwani. Fomu ikija irudishe, jaza uraia wako wa kweli, usijifanye wa Rwanda hata kama mpaka uko karibu.

---

Kutoka: Tumaini, Manchester

Mzee Kombo shikamoo. Mimi ni mtu wa Ileje kabisa, mama yangu alinizaa hospitali ya Isoko. Miaka 39 hakuna aliyewahi kuniambia habari ya huyo Faulds. Nimempigia mama, kaniuliza, "Alituletea nini?" Nikakosa jibu.

---

Kutoka: Mama Neema, Smethwick

Shikamoo mzee, asanteni wote. Fomu nimerudisha, na jana nimejiandikisha mtandaoni, dakika tano. Mwenzangu wa zamu, ambaye kumbe ni Mganda na ana haki kama mimi, nimemkalisha kantini akajaza na yeye.

Swali moja limebaki. Pasi yangu ina majina matatu, kwenye daftari nimeandika mawili. Nasikia siku hizi kituoni wanadai kitambulisho cha picha. Watanirudisha? Na picha ya pasi kwenye simu inatosha?

---

Kutoka: Elia, Leicester

Simu hapana, beba pasi yenyewe. Pasi ya Tanzania inakubaliwa, na hata ikiwa imekwisha muda haidhuru mradi sura bado ni yako. Jina la kati kukosekana kwa kawaida si tatizo. Ila kama ukoo ni tofauti, mfano umeolewa ukabadilisha, wapigie simu halmashauri warekebishe sasa, au omba kile cheti cha bure cha mpiga kura. Usingoje wiki ya uchaguzi. Mwisho wa kujiandikisha ni siku 12 za kazi kabla ya kura, na Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi.